ANC: Herufi Tatu katika Habari za Fizi na Baraka

ANC ni kifupisho ambacho msomaji wa habari mjini Baraka, katika wilaya ya Fizi ya Kivu Kusini nchini Kongo, anaweza kukikuta kikiwa jina la jeshi la serikali, jina la jeshi la waasi waliopigana na serikali, jina la chama tawala cha nchi iliyo mbali kusini, au jina la huduma anayopewa mama mjamzito. Maana zote nne ni halali. Zile za kisiasa na za kijeshi zilikutana kwa sababu Kifaransa na Kiingereza, lugha mbili ambazo sehemu kubwa ya Afrika iliandikia siasa zake katika karne ya 20, zote zilikuwa na maneno ya aina moja ya kuunda majina ya vyama na majeshi: African na armée, national na nationale, congress, council, congolaise, constituante. Neno la katikati ndilo lililopendwa kuliko yote. Kila kundi lililotaka kusema kwa niaba ya watu wote lilijiita la taifa, na waliojiita hivyo walikuwa wengi kuliko mataifa yenyewe.

Masikioni, kifupisho hicho si kimoja. Mkongomani aliyesomea Kifaransa hukitamka «a-en-se». Mtanzania au Mkenya hukitamka «ei-en-si». Mtu wa Baraka anayefungua Radio Okapi asubuhi na kituo cha Kigoma jioni anaweza kutambua kwa matamshi tu kwamba habari inahusu mambo mawili. Kwenye karatasi tofauti hiyo hufutika. Herufi ni zilezile, na mwandishi anayenakili taarifa kutoka redio kwenda gazetini, au kutoka ripoti ya Kifaransa kwenda matangazo ya Kiswahili, huwa ameacha nyuma alama pekee iliyomwongoza msikilizaji.

Maana iliyoenea zaidi duniani ni ya African National Congress ya Afrika Kusini. Chama hicho kilianzishwa Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912 kwa jina la South African Native National Congress, na kikachukua jina la sasa mwaka 1923. Serikali ya makaburu ilikipiga marufuku Aprili 1960, na katika miaka thelathini ya kukaa nje Tanzania ilikuwa miongoni mwa makazi yake makuu. Mkutano mkubwa wa chama ulifanyika Morogoro mwaka 1969, na huko Mazimbu kikajenga chuo cha Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya machafuko ya Soweto ya 1976. Marufuku iliondolewa Februari 1990, na tangu 1994 chama hicho kimekuwa serikalini. Kwa mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi, ANC bila maelezo ni hiki, na ni haki yake kudhani hivyo. Kwa mhariri wa habari za Kivu Kusini, dhana hiyo ni mtego.

Mwaka uleule wa 1960, miezi mitatu tu baada ya chama cha Afrika Kusini kupigwa marufuku, ANC nyingine ilizaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni. Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni ambalo maofisa wake wote walikuwa Wabelgiji, waliasi. Siku tatu baadaye serikali ya Patrice Lumumba iliamua kulibadilisha jeshi hilo jina na uongozi: likawa Armée nationale congolaise, yaani Jeshi la Taifa la Kongo, chini ya Jenerali Victor Lundula, na Joseph-Désiré Mobutu akawa mnadhimu mkuu mwenye cheo cha kanali. Jina hilo lilidumu hadi 1971, nchi ilipoitwa Zaire na jeshi likawa FAZ.

Katika miaka hiyo kumi na moja, Fizi ilikuwa moja ya sehemu zilizolijua jeshi hilo kwa uchungu zaidi. Uasi wa 1964, ambao wengi mashariki ya Kongo bado wanauita wakati wa Mulele ingawa Pierre Mulele mwenyewe alikuwa Kwilu, ulianzia bonde la Ruzizi katika miezi ya kwanza ya mwaka huo. Uvira iliangukia mikononi mwa waasi mwezi Mei, na Fizi na Baraka zikawa chini yao. Waasi walijiita Armée populaire de libération, APL. Aliyesoma habari za Kifaransa za wakati huo alikuwa na fumbo jingine la kufumbua, kwa kuwa APL ndicho pia kifupisho cha Kifaransa cha jeshi la China, na China ilikuwa ikitajwa kila siku kuwa rafiki wa uasi huo. Stanleyville ilipochukuliwa tena kutoka kwa waasi Novemba 1964, milima ya Fizi na mwambao wa Ziwa Tanganyika vilibaki ngome ya mwisho. Hapo ndipo Ernesto Che Guevara alipotua Aprili 1965 akitokea Kigoma, na hapo Laurent-Désiré Kabila alikuwa mmoja wa viongozi waliotazamiwa kuongoza vita.

Jibu la serikali lilikuja kwa maji na kwa nchi kavu. Mwishoni mwa Septemba 1965 vikosi vya ANC, pamoja na mamluki wa Mike Hoare, vilishuka Baraka kutoka ziwani. Mapigano ya kuushika mji yalikuwa makali. Oktoba Fizi nayo ilichukuliwa, na tarehe 21 Novemba Che na Wakuba wake walivuka ziwa kurudi Tanzania. Kabila alirudi milimani na mwaka 1967 akaanzisha PRP, chama ambacho kiliitawala sehemu ya Fizi kwa miaka mingi kikiwa na makao yake Hewa Bora. Kwa mzee wa Fizi aliyekuwa kijana miaka hiyo, ANC ni jeshi la serikali lililotoka Léopoldville. Walioliogopa walikuwa watu wa kijiji chake, na waliopigana nalo mara nyingi walikuwa jamaa zake.

Kisha jina likarudi. Vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998 vilizaa Rassemblement congolais pour la démocratie, RCD, iliyotangazwa Goma mwezi huohuo. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. RCD iliungwa mkono na Rwanda, na ilipogawanyika mwaka 1999 tawi la Goma ndilo lililobaki na Kivu Kusini. Jeshi lake liliitwa Armée nationale congolaise. Halikuitwa la waasi, la ukombozi, wala la wananchi. Liliitwa kwa jina kamili la jeshi la 1960, herufi kwa herufi. Makundi mengine ya vita hivyo yalichagua majina mapya ya majeshi yao: la RCD-ML likawa APC, na la MLC ya Jean-Pierre Bemba likawa ALC. Jeshi la Kinshasa lenyewe lilikuwa FAC. Hivyo kati ya 1998 na 2003 ANC ilikuwa sehemu tu ya orodha ndefu ya majeshi ya Kongo, na ilikuwa upande uliopigana na Kinshasa.

Hapa ndipo ugumu wa kifupisho hiki katika Fizi ulipo, na mahali pachache sana Afrika pana ugumu wa namna hii. Katika eneo lilelile, katika vijiji vilevile vya mwambao, jina lilelile limebebwa na pande mbili zinazopingana. Mwaka 1965 ANC ilikuwa serikali, na wengi wa wenyeji walikuwa na waasi. Mwaka 1999 ANC ilikuwa waasi, na wanamgambo wa Mai-Mai wa Fizi walipigana nayo wakiwa upande wa Kinshasa. Mtu mmoja alikuwamo katika vita vyote viwili: Laurent-Désiré Kabila alipigwa na ANC ya kwanza akiwa mwasi milimani Fizi, na akapigwa na ANC ya pili akiwa rais wa nchi, hadi alipouawa Januari 2001. Sentensi inayosema kwamba Kabila alipigana na ANC ni ya kweli mara mbili. Bila mwaka haielezi lolote.

Uzito wa jambo hili si wa kamusi. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 raia waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, kaskazini ya wilaya ya Fizi kwenye barabara ya Uvira. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, inayoorodhesha maovu makubwa yaliyotendwa Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, inataja waliouawa zaidi ya 800. Ripoti hiyo haiiachi ANC peke yake. Inaandika ANC/APR/FAB: jeshi la RCD, jeshi la Rwanda la wakati huo na jeshi la Burundi la wakati huo, yakiunganishwa kwa mistari miwili midogo. Mistari hiyo ina kazi kubwa. Inaonyesha mkono wa nani ulikuwapo, na kwa kuiunganisha ANC na majirani wake wa vita inaifunga kwenye miaka ya 1998 hadi 2003, hata msomaji asiyejua historia asiweze kulipachika kosa hilo kwenye jeshi la miaka ya sitini. Mwandishi anayefupisha habari hiyo akaacha ANC tupu, kwa kudhani anaokoa nafasi, amewaondoa washtakiwa wawili na kumchanganya wa tatu.

Habari za amani nazo zilikuwa na mkanganyiko wake. Mazungumzo ya Wakongomani yalifunguliwa Sun City, Afrika Kusini, tarehe 25 Februari 2002. Siku hiyohiyo Radio Okapi ilianza kurusha matangazo. Mwenyeji wa mazungumzo alikuwa Rais Thabo Mbeki, ambaye pia alikuwa rais wa ANC ya Pretoria. Miongoni mwa wajumbe waliketi RCD, wenye ANC ya Goma. Mkataba wa jumla ulitiwa saini Pretoria Desemba 2002, na serikali ya mpito ikaundwa katikati ya 2003. Ng'ambo ya ziwa hali ilifanana: Nelson Mandela, ambaye kabla ya Mbeki alikuwa rais wa chama hicho, alisimamia mazungumzo ya Burundi yaliyozaa mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, na askari wa Afrika Kusini wakaja Bujumbura mwaka uliofuata. Katika miaka hiyo habari moja ya mistari kumi ingeweza kuhitaji ANC zote mbili, ya mpatanishi na ya mpiganaji. Mwandishi makini aliandika «chama cha Mbeki» upande mmoja na «jeshi la RCD» upande mwingine, akaziacha herufi kabisa. Huo ulikuwa uamuzi mzuri na bado ni mzuri.

ANC ya Goma ilifikia mwisho wake kisheria kwa kuingizwa katika FARDC, jeshi jipya la nchi nzima lililotokana na mkataba huo. Jina limekufa katika mpangilio wa majeshi lakini halijafa katika ushuhuda, kwa maana waliokuwa watoto mwaka 1999 sasa ni watu wazima wanaohojiwa na redio za jamii.

Kiswahili kina chombo cha kutenganisha maana hizi ambacho waandishi wanakitumia kwa uchache. Kifupisho hakina ngeli yake chenyewe. Huazima ngeli ya jina lililojificha nyuma yake. Jina likiwa chama, huandikwa ANC kimeshinda. Likiwa jeshi, ANC liliingia Baraka. Ikiwa ni huduma, ANC inatolewa hospitalini kila Jumanne. Wakikusudiwa watu wenyewe, husemwa ANC walikuja usiku, na wa- hiyo inatosha kuonyesha kwamba msemaji anawaona wanajeshi, si taasisi. Kifaransa hakiwezi hivyo kwa urahisi. Kingetegemewa kutofautisha jeshi na chama kwa jinsia, la kwa jeshi na le kwa chama, lakini irabu A inayoanza kifupisho humeza kitambulishi, na zote mbili huandikwa l'ANC. Kiingereza nacho hakina cha kuonyesha. Mwandishi wa Kiswahili amepewa na sarufi yake kile ambacho wenzake wanapaswa kukieleza kwa maneno matatu zaidi.

Chombo hicho hata hivyo kina mipaka. Jeshi, bunge na baraza yote ni ya ngeli moja, kwa hiyo ANC lilikutana haisemi ni lipi kati ya hayo. Tena, mazoea ya vyumba vya habari ni kuipa kila taasisi ya kigeni umbo la i-: ANC imesema, ANC imekanusha. Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ambacho katika mazungumzo hupunguza tofauti za ngeli, kimezoea umbo hilo hata zaidi. Pale i- inapotawala, njia iliyobaki ni kurudisha jina lenyewe mbele ya kifupisho: chama cha ANC, jeshi la ANC, huduma ya ANC. Silabi chache hizo hazimchoshi msomaji yeyote.

Maana nyingine za kisiasa zinatajwa zaidi katika kumbukumbu kuliko katika habari za leo. Tanganyika ilikuwa na African National Congress yake, iliyoanzishwa na Zuberi Mtemvu mwaka 1958 baada ya kujitenga na chama cha TANU kwa sababu ya uamuzi wa chama hicho mjini Tabora kuhusu uchaguzi wa kura tatu. Mtemvu aligombea urais dhidi ya Julius Nyerere mwaka 1962, na Nyerere akapata zaidi ya asilimia 98 ya kura. Zambia ilikuwa na ya Harry Nkumbula, iliyomezwa na chama cha UNIP nchi ilipoingia mfumo wa chama kimoja. Rhodesia ya Kusini ilikuwa na African National Council ya Askofu Abel Muzorewa, tangu 1971. Tunisia ilikuwa na bunge la kutunga katiba, Assemblée nationale constituante, lililochaguliwa Oktoba 2011 na kumaliza katiba Januari 2014. Idhaa za Kifaransa zinazosikika Kivu zililiita ANC kwa muda wote huo. Kenya ina mfano wa kuvutia zaidi: Amani National Congress ya Musalia Mudavadi, iliyoanzishwa 2015 na kuungana na chama cha UDA mwaka 2025, ambamo herufi ya kwanza ni ya neno la Kiswahili na mbili zilizobaki ni za Kiingereza.

Maana ya hospitalini inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa, kwa sababu ndiyo inayomgusa msomaji wa kawaida mara nyingi zaidi. Katika Kiingereza cha afya ANC ni antenatal care, huduma kwa mjamzito kabla ya kujifungua. Kongo, ambako afya huandikwa kwa Kifaransa, huduma hiyo ni CPN, na akina mama wa Baraka na Fizi husema wanaenda CPN kama vile ni jina la mahali. Mambo hubadilika wanapovuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwishoni mwa 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na Wabembe wa Fizi ni sehemu kubwa ya wakazi wake. Huko huduma inasimamiwa kwa utaratibu wa Tanzania, na nyaraka zake zina ANC. Mama aliyekimbia jeshi la jina hilo mwaka 1999 aliweza kukuta herufi hizohizo katika karatasi za kliniki.

Mwandishi wa habari za afya pia anakutana na tarakimu zilizoshikizwa kwenye kifupisho. ANC1 ni hudhurio la kwanza, ANC4 ni la nne, na uwiano kati ya hayo mawili huonyesha ni akina mama wangapi walioanza kliniki na wangapi walioendelea. Lengo la mahudhurio manne lilikuwa la kawaida kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza yawe angalau manane. Ripoti ya zamani na ripoti mpya kwa hiyo hazipimwi kwa lengo moja hata pale zinapotumia herufi zilezile, na kulinganisha ANC4 ya mwaka 2010 na lengo la leo bila kueleza badiliko hilo ni kuudanganya umma kwa takwimu za kweli.

Kwa habari za Fizi, kazi ya mhariri inategemea zaidi tarehe kuliko kamusi. ANC iliyotajwa kati ya Julai 1960 na 1971 ni jeshi la Léopoldville, baadaye Kinshasa. Iliyotajwa kati ya 1998 na 2003 katika mapigano ya Kivu ni jeshi la RCD. Iliyotajwa pamoja na Pretoria ni chama, na iliyotajwa pamoja na mimba ni huduma. Katika taarifa inayopita vipindi vyote viwili vya vita, kama wasifu wa Kabila au historia ya kijiji kimoja, hata tarehe ya mwanzo wa habari haitoshi. Kila mara jina linaporudi lipewe mwenyewe: ANC ya Mobutu, ANC ya RCD.

Ushuhuda wa mdomo unahitaji utunzaji wa namna yake. Shahidi wa Lulimba au Makobola anaposema «ANC walituchomea nyumba», maneno yake hayafai kusahihishwa. Anajua aliowaona, na wa- aliyoitumia ni sehemu ya ushahidi wake. Kinachopaswa kuongezwa kiko nje ya alama za nukuu. Anayehoji aulize yalitokea kabla ya utawala wa Mobutu, wakati wake au baada yake, nani alikuwa rais, shahidi alikuwa na umri gani, aliyezaliwa mwaka huo katika familia ni nani. Kisha mwaka uandikwe karibu na jina la jeshi, katika mabano, kwa mkono wa mwandishi na si kinywani mwa shahidi. Kanda na madaftari yanayohifadhiwa na parokia, mashirika ya haki za binadamu na redio za Uvira na Baraka hufaa kuwekewa alama hiyo kabla waliohoji hawajahama au kufariki, maana baada yao herufi tatu zitabaki bila mtu wa kueleza zilikuwa za jeshi lipi.